Do Iko Wapi, Kaka?



Wiki mbili zilizopita, baada ya semina ya vijana wa dekania hapa Mbeya, binti mmoja wa kwaya alinifuata akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, Jumamosi usiku unapiga disko, Jumapili asubuhi umesimama kwenye besi unaimba Mtakatifu. Hivi dhamiri haikusumbui?" Kwanza nilicheka. Halafu nikamwambia ukweli, kwamba inanisumbua sana, ila si kwa sababu anayoidhani. Nikamwahidi nitaandika, kwa hiyo naandika.

Disko lenyewe sitalizungumzia sana. Muziki hauwi dhambi kwa kuwa umetoka kwenye mashine. Tarehe 6 Agosti 2023 kule Lisbon, kwenye Siku ya Vijana Duniani, waliowaamsha vijana wanaokadiriwa kufika milioni 1.5 waliolala uwanjani hawakuwa wapiga kengele. Alikuwa padre Mreno, Guilherme Peixoto, amevaa hedifoni, anapiga muziki wa kielektroniki mbele ya altare kabla Papa Fransisko hajaja kuadhimisha Misa. Wengi mliona zile video. Sasa kama wewe unapiga au unacheza muziki usiku halafu unakosa Misa, tatizo ni saa yako ya kulala. Usizisingizie spika.

Kinachonisumbua mimi ni kinanda.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa kwaya kigangoni kwetu, Iringa, kwa miaka mingi. Alikuwa na kinanda chake mwenyewe, alichokinunua kwa hela ya vitunguu, na ubavuni alikipaka rangi nyeupe herufi mbili za jina lake. Alifariki 2021. Kaka yangu mkubwa akachukua kwaya, na kinanda kikabaki kigangoni. Mwaka 2023 vitufe vitatu vikagoma, nami nikajitolea kuja nacho Mbeya kwa fundi. Kaka alinifungia kwenye blanketi la mama, tena akaniambia nikipakate, nisikiweke kwenye buti la basi.

Fundi alikitengeneza kwa elfu thelathini. Siku ileile, nikiwa natoka nacho Mwanjelwa, jamaa mmoja akaniuliza kama nauza. Nilikuwa nimeona kontrola ya mtumba ya kupigia muziki, nzuri, imepungukiwa hela kidogo tu. Nikauza kinanda cha baba kwa laki nne na nusu. Nyumbani nikasema kimeibiwa geto.

Uongo huo uliishi mwezi mmoja. Aliyekinunua alirusha video anapiga kwenye mkesha fulani, na herufi za baba zinaonekana pale ubavuni. Kaka alinitumia ile video WhatsApp bila kuandika neno hata moja. Nikaiona. Tiki zikawa za bluu. Sikujibu, naye hakuuliza. Ikapita mwaka na miezi mitatu.

Kwaresima ya 2024 niliungama. Padre alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja: "Na umekirudisha?" Nikasema najipanga. Vijana, hapa tusidanganyane. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2412 iko wazi: haki inadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani, alitaja na hesabu ya atakachorudisha. Mimi nilitaka msamaha wa Mungu ambao ni bure, nikakwepa kumtazama kaka yangu ambako kuna gharama. Nilikuwa najiambia nitamtafuta nikishapata hela yote. Hela yote haijawahi kupatikana mahali popote duniani.

Sasa mdogo wetu wa mwisho akapata mchumba, harusi ikapangwa Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2024, Iringa. Bwana harusi ni mtu wa Dar, anapenda muziki wa hausi kuliko chakula. Kamati ikaamua hivi: maharusi wataingia ukumbini wakiimbiwa na kwaya, maana bibi harusi ni mwanakwaya, sauti ya pili. Wakifika katikati, kwaya ikiwa inarudia kiitikio cha mwisho, DJ aingize biti taratibu chini yake, kwaya iishie juu ya biti, na watu waanze kucheza bila ukimya hata wa sekunde moja. DJ mimi. Mwalimu wa kwaya kaka yangu.

Niwaeleze kidogo kazi hii, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini nilikosa usingizi.

Nyimbo mbili zikipigwa pamoja, mwendo kulingana hakutoshi. Lazima na sauti zikubaliane. Wanakwaya mnalijua hili kwa nota zenu za do re mi: juu ya karatasi kumeandikwa Do ni G, au Do ni D, na kila kitu kinatoka hapo. Sisi wa mashine tuna gurudumu linaloitwa Camelot, lina namba 1 hadi 12 kama saa ya ukutani, na kila namba ina A na B. B ni meja, A ni maina. Do ikiwa G, hiyo ni 9B. Mwenzake 9A ni wimbo wa maina wenye nota zilezile saba, ila nyumbani kwake ni La badala ya Do. Ukihama namba moja tu, kwenda 10B au 8B, unabadilisha nota moja kati ya saba. Mwanakwaya ataelewa haraka: ukitoka Do ya G kwenda Do ya D, Fa imegeuka Fi, basi. Sita zilizobaki ni zilezile. Ndiyo maana sikio halishtuki.

Jambo lililonishangaza nilipojifunza gurudumu hili ni kwamba G na F# kwenye kinanda ni majirani kabisa, vitufe vinagusana. Kwenye gurudumu moja iko 9, nyingine iko 2. Katika nota zao saba wanashirikiana mbili tu. Ukizipiga pamoja, mbwa wa mtaa mzima watalia. Nyimbo zilizo mbali kwenye kinanda zinaweza kuelewana vizuri tu, na hizi zinazogusana mabega zikaumizana vibaya kuliko zote. Sikuhitaji padre anieleze ni nani nilimfikiria.

Halafu kuna programu ya kompyuta inayokuambia kila wimbo uko namba ngapi. Inasaidia, lakini inakosea mara nyingi, na DJ anayeiamini kuliko masikio yake nitamtambua nikiwa bado nje ya ukumbi. Na programu inapima nyimbo zilizorekodiwa tu. Kwaya ya watu ishirini na nane wenye mapafu yao, haiwezi kuipima kabla hawajaimba. Njia ni moja: umuulize mwalimu wao.

Yaani kazi ilinitaka nimpigie simu mtu ambaye sikuwa nimesema naye mwaka na miezi mitatu.

Alhamisi, tarehe 17, niliamka kwenda Misa ya asubuhi. Nikiri kwamba sikwenda kwa utakatifu, nilikwenda kwa sababu nilikuwa macho tangu saa tisa usiku. Ilikuwa kumbukumbu ya Mtakatifu Ignasi wa Antiokia, askofu na shahidi. Padre akaeleza kwamba Ignasi, mwanzoni mwa karne ya 2, akisafirishwa chini ya ulinzi wa askari kwenda Roma kuuawa, aliandika barua kwa makanisa, moja ikiwa kwa Waefeso. Humo anawasifu mapadre wao kwamba wameungana na askofu kama nyuzi zilivyoungana na kinubi, na anawaomba waamini wote wawe kwaya moja, wapokee sauti kutoka kwa Mungu.

Wapokee sauti. Mwanakwaya anajua maana yake. Kabla ya wimbo mwalimu anatoa sauti kwa midomo imefumbwa, nanyi mnanyamaza na kuipokea. Huwezi kuipokea ukiwa unaendelea kuimba ya kwako. Na huyo anayeandika amefungwa minyororo, anaweza kuwa na hasira na dunia nzima, lakini kinachomhangaisha ni kama watu wa Efeso wanasikilizana.

Pale kwenye benchi nikakumbuka Mathayo 5, aya ya 23 na 24. Mnaijua: umefika altareni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka palepale, nenda kwanza. Angalieni vizuri ni nani anayetakiwa kutembea. Yesu hakusema kama wewe una neno juu ya ndugu yako. Amesema kama *yeye* ana neno juu yako. Mkosaji ndiye anayetakiwa kupanda basi. Sisi vijana tunapenda kuweka kwenye status kwamba "nimewasamehe wote walionikosea", na hiyo ni rahisi, haihitaji nauli.

Nilipotoka nikampigia nikiwa nje ya kanisa, kabla ujasiri haujapoa.

"Kamwene, kaka."

Kimya. Nilisikia kuku upande wa pili. "Kamwene."

Nilikuwa nimepanga hotuba. Yote ikayeyuka, likabaki swali la kazi. "Huo wimbo wa kuingilia ukumbini... Do iko wapi, kaka?"

"G. Imeandikwa G." Akatulia kidogo. "Lakini mpaka tufike kiitikio cha mwisho tutakuwa tumeshuka. Jiandae na F#. Siku hizi hatuna kinanda cha kutushika."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyosema mvua imechelewa. Kwaya isiyo na kinanda hushuka, wote tunalijua, hasa wimbo ukiwa mrefu na watu wamechoka. Baba alikuwa anawashika kwa mkono wa kushoto tu, Do na Sol, Do na Sol, mpaka mwisho. Kwa mwaka na miezi mitatu, kila Jumapili, kwaya ya kigango chetu ilikuwa inashuka kwa sababu yangu, na mimi huku Mbeya nilikuwa najifunza upatanisho wa sauti kwa mashine niliyoinunua kwa hela hiyohiyo.

Ijumaa nikapanda basi. Chimala, Igawa, Makambako, ile misitu ya misonobari kabla ya Mafinga, baridi ikaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kontrola niliipakata. Tulipofika Ipogolo na kuanza kukitazama kile kilima cha kupanda mjini, tumbo lilikuwa limejikunja kama la mtoto anayekwenda kuchapwa.

Usiku ule baada ya kikao cha kamati nilimkuta nyuma ya nyumba anahesabu viti vya kukodi. Nikamwambia nilikiuza, na kwamba nilidanganya. Nikamtajia na bei, laki nne na nusu.

Akaendelea kuhesabu mpaka akamaliza mstari. "Ulipunjwa," akasema. "Baba alikinunua laki tisa."

Nikasema nitalipa. Akasema, "Mimi usinilipe. Lipa kwaya." Akanipa upande wa pili wa viti nihesabu. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyekumbatiwa. Wale mnaosubiri kilio kama kwenye filamu, sisi kwetu Iringa tunahesabu viti.

Jumamosi. Misa ya ndoa ilikuwa nzuri sana, sina cha kuongeza. Twende ukumbini.

Wimbo niliouchagua ulikuwa wa teki hausi, 9A, mapigo 126 kwa dakika, na mwanzoni una ngoma tupu kwa mapigo 128 bila nota yoyote. Nyimbo za aina hii hutengenezwa hivyo makusudi ili DJ apate nafasi ya kuunganisha. Kwaya, kwa ngoma na kayamba zao, kaka alisema itakwenda kama 119. Kwa hiyo nilitakiwa kuupunguza wimbo kutoka 126 hadi 119, na hapo ndipo kilipo kitufe kimoja kidogo kwenye mashine. Ukikiwasha, unapunguza mwendo na sauti inabaki ilipo. Ukikizima, mwendo ukipungua na sauti inashuka, kama redio ya kaseti ambayo betri zinaisha. Ukikokotoa, kushuka kutoka 126 hadi 119 kunashusha sauti karibu nusu hatua kamili, yaani kutoka G kwenda F#. Kwa hiyo kama kwaya imebaki kwenye G, kitufe kiwe kimewashwa. Kama imeshuka, kizimwe. Kitufe kimoja, na sitajua mpaka dakika ya mwisho.

Wakaanza. Sikio la kushoto nje kwa kwaya, la kulia ndani ya hedifoni kwenye wimbo wangu. Ubeti wa kwanza, G safi. Wa pili, naona sauti ya kwanza wanaanza kuning'inia. Kwa DJ jaribu kubwa hapo ni kubaki na mpango wako na kuwaona wengine ndio wamekosea. Nilikuwa na haki kabisa, karatasi imeandikwa G! Ningepiga G yangu iliyo sahihi juu ya kwaya iliyoshuka, na ukumbi mzima ungedhani kwaya haijui kuimba, mbele ya maharusi na wakwe kutoka Dar.

Kabla ya kiitikio cha mwisho kaka, mikono yake bado inaongoza, aligeuza kichwa upande wangu. Akafanya kidole gumba chini, kidogo tu.

Nikazima kitufe. Sauti ikashuka ndani ya hedifoni, ikakaa palepale walipokuwa. Nikapandisha ngoma taratibu chini yao, nikiwa nimeondoa besi yote ya wimbo wangu, maana besi mbili zikigombana hakuna inayosikika na wazee wa sauti ya nne walikuwa wanafanya kazi nzuri. Mwendo wa kwaya haukutulia, walikuwa wanakimbia kwa furaha, nami nikawa nausukuma wimbo kwa vidole kuwafuata. Mapigo 64, zaidi kidogo ya nusu dakika. Nilitokwa jasho kama nabeba magunia ya viazi. Kwaya ikashika nota ya mwisho, kaka akafunga mkono, na hapohapo nikarudisha besi.

Sijui watu wangapi ukumbini walijua kilichotokea. Mama alikuwa ameshainuka anacheza. Nilipotazama tena upande wa kwaya, kaka alikuwa ananywa maji, amenipa mgongo, lakini mguu wake ulikuwa unagonga sakafu.

Kwa hiyo, dada yangu uliyeniuliza, hilo ndilo jibu. Jumamosi kwa Jumamosi natoa asilimia fulani ya ninachopata, namtumia mweka hazina wa kwaya. Mpaka leo nimefikisha laki tano na sabini. Kinanda bado hakijanunuliwa. Niombeeni kazi zisikauke Majilio yakifika, maana harusi huwa hakuna.

Jumapili iliyopita kaka alinitumia rekodi ya Utukufu WhatsApp, bila neno lolote kama kawaida yake. Nikaisikiliza mpaka mwisho nikiwa nimeshika uma wa kupimia sauti. Wameanza G, wamemaliza F#. Nikamtumia mweka hazina elfu themanini.

Mtakatifu Ignasi wa Antiokia, utuombee.